Chesi Tuliyoimaliza kwa Chaki

Vijana wa karakana mliniomba, kabla sijaondoka, niandike ninayoyakumbuka ya kazi, nami nikakubali kwa moyo mweupe. Kisha siku ya kuniaga, hata soda hazijaisha, Neema akanyanyua simu yake juu akasema, "Fundi Tluway, ile chesi unayotusimulia kila siku, kompyuta zilishaimaliza zamani. Hakuna mtu duniani anayezishinda." Wote mkaitikia kama kwaya. Nikaweka chupa chini. Nimebishana juu ya jambo hili tangu ndevu zangu zilipokuwa za kuhesabika, na naona nitazikwa nikibishana. Nilikuwa nimepanga kuwaandikia namna ya kutunza zana, ambayo mngeisoma na kuisahau. Sasa nawaandikia hili, na spana zitaingia humohumo.

Nilianza kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare za Hanang, miaka mingi kabla sijaja huku Haydom kuwatunzia watu jenereta. Nilitoka upande wa Dongobesh. Kwetu shamba la ngano ulikuwa unalivuka ukikohoa mara mbili. Kule nilishushwa kwenye trela, nikatazama mbele, ngano ikaenda mpaka ikagusana na anga, na Mlima Hanang umekaa pembeni kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai. Kandokando walipita wenye ng'ombe wakituangalia kwa hasira. Walikuwa na sababu, maana ilikuwa malisho yao. Nilikuwa kijana, sikuliwaza sana.

Nilipelekwa kwa Mzee Lohay, fundi mkuu wa pampu za dizeli. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso, akanisogezea sinia la vyuma vilivyolowekwa kwenye mafuta ya taa, akasema, "Osha." Nikaosha mpaka jioni. Akaja akauliza, "Umeosha. Sasa niambie kipi kimechoka." Sikujua. Vyote viling'aa. "Kesho utaosha tena," akasema. Niliosha msimu mzima. Nilimchukia kwa dhati, na siku nilipoinua kipande kimoja kidogo nikaona kamstari kembamba ambako mafuta yalikuwa yakivuja, nilimpenda kuliko baba yangu. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Alikuwa mtu wa kukera, na kila ninachokijua kuhusu injini nilikitoa kwake.

Ninyi mnafungua pampu uwani, upepo ukivuma, mkiongea na simu. Nimewaambia mpaka sauti imekauka. Lohay alikuwa na chumba kidogo, sakafu anaimwagia maji kwanza vumbi litulie, mlango anaufunga, na aliyeingia bila kubisha alitoka na jina jipya la kutukanwa.

Chesi ililetwa na Bwana Roni. Huyu alikuwa mtaalamu kutoka nchi za baridi, alikuja pamoja na mashine za kuvunia, zile kombaini, na alikuwa mtu mwema mwenye tabia moja mbaya: alicheka kabla ya kueleza kilichomchekesha. Masika, udongo mweusi wa kule ukishalowa, hakuna trekta linalosogea. Unakaa karakanani unasikiliza mvua juu ya bati. Bwana Roni akatufundisha chesi. Sanduku lake lilikuwa na kete pungufu, kwa hiyo tukatengeneza zetu kwa vyuma chakavu, na tukazipa majina yetu. Mfalme alikuwa plagi kuukuu. Malkia tulimwita Meneja, maana anakwenda popote anapotaka na hakuna anayemuuliza. Farasi tulimwita Punda. Zile ndogo za mbele, zinazotembea hatua mojamoja na kuliwa kwanza, ziliitwa vibarua, na wala hatukuhitaji kikao kukubaliana. Kibarua akifika mwisho wa ubao anageuka kuwa Meneja. Tulilipenda sana hilo, ingawa shambani hatukuwahi kuliona likitokea.

Kulikuwa na sheria ya karakana: aliyeshindwa saa ya chai ndiye anayelala chini ya kombaini mchana kupiga grisi. Kwa hiyo tulijifunza upesi. Mama Hadija, aliyetoka Katesh kutuuzia chai na maandazi, alikuwa akisimama na birika mkononi akisema, "Ninyi wanaume, chai inapoa mnagombana na bolti." Katika sisi wote Lohay ndiye aliyekuwa bingwa. Bwana Roni peke yake ndiye aliyemshinda, na Lohay alikuwa akilala chini ya kombaini kwa heshima zote, akitukana kwa Kiiraqw.

Kisha ikaja kompyuta.

Iliwekwa katika chumba cha ofisi chenye pazia na feni, na mlangoni tulivua viatu kama tunaingia msikitini. Bwana Roni alituita tuione. Akabonyeza, kikatokea kiubao cha chesi kwenye kioo, akamkalisha Lohay mbele yake. Ile mashine ilicheza taratibu sana, ikifikiri kama mtu aliyesahau jina lako, na Lohay aliishinda. Tukapiga makofi. Hapo ndipo Bwana Roni, kwa nia njema kabisa, alipoharibu mambo. Akasema, "Leo umeshinda. Lakini siku moja kompyuta itaumaliza mchezo huu wote. Itajua mwisho wake kabla hujagusa kete ya kwanza. Na hizi mashine zetu vilevile. Tutaiingizia habari zote, itatuambia pampu ipi itakufa na lini."

Lohay akavaa viatu vyake polepole. Kesho yake saa ya chai hakuja kwenye ubao. Nilipoingia chumba cha pampu nikamkuta anafanya kazi, na mimi nikavuta sinia langu. Akasema, "Acha. Nenda kwa wenye matrekta wakupe kazi."

"Nimekosa nini, mzee?"

"Hujakosa. Umesikia yule alivyosema. Kama jibu lipo linakuja, mimi nakufundisha nini? Nikufundishe kusikiliza pampu miaka kumi halafu mashine ikwambie kwa dakika moja? Nitakuwa nimekudanganya. Mimi sidanganyi watoto wa watu."

Niwaambie ukweli, nilitamani kumtikisa. Nilikuwa nusu fundi. Najua kufungua, sijui kurudisha sawasawa. Nusu fundi ni hatari kuliko asiyejua kabisa, na mavuno yalikuwa yanakuja. Lohay hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa akinisalimu vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, kisha anafunga mlango wake. Niliwaza: huyu mzee hatarudi mpaka mtu amwoneshe kwamba mchezo huu hauna mwisho.

Nikampata Safari, fundi wa kuchomelea, kijana mwenzangu, mwenye nguvu nyingi na subira kidogo. Nikamweleza mpango. Tuchukue chesi iliyo ndogo kuliko zote, wafalme wawili na kibarua mmoja tu, tujaribu kuimaliza. Tutashindwa. Kisha tumwite Lohay tumwambie: mzee, ikiwa hata hii ya kete tatu haimaliziki, hiyo nzima ya ubao uliojaa nani ataimaliza? Karakanani kuna mwenye akili kama mimi? Hivyo ndivyo nilivyojisifu.

Mlango mkubwa wa karakana ulikuwa wa bati pana. Tukaufanya ubao wetu wa kuandikia, kwa chaki za kuandikia namba kwenye magunia. Mwanzoni tulianza mbele, tukapotea palepale. Ndipo Safari akasema tuanzie mwisho: kibarua amebakiza hatua moja, nani anashinda? Tukaandika. Kisha turudi nyuma hatua moja, tuulize tena. Kumbe mikao mingi ni ndugu. Ukimaliza upande wa kushoto umemaliza na wa kulia. Mvua ilinyesha, sisi tukaandika. Watu wakawa wanakuja na bolti zao kubishana juu ya kona hii na ile. Mpaka meneja wa shamba alipita akaangalia, akatikisa kichwa, akaondoka. Nafikiri alidhani ni hesabu za mbolea.

Nami nikaanza kuona jambo baya linakuja. Mlango ulikuwa unajaa, lakini maswali yalikuwa yanaisha. Asubuhi moja Safari akaandika alama ya mwisho, akarudi nyuma, akapiga yowe. Tulikuwa tumeimaliza. Kibarua ambaye mfalme wake amemsindikiza vizuri, asipoliwa njiani, anashinda. Basi. Hakuna swali lililobaki. Kabla sijamziba mdomo, Safari alikuwa ameshakimbia kumwita Lohay.

Mzee akaja, akausoma ule mlango tangu juu mpaka chini, mikono nyuma.

"Mmeumaliza?"

"Tumeumaliza, mzee!" Safari akasema, meno yote nje.

"Kwa chaki?"

"Kwa chaki."

"Watu wenye grisi mpaka masikioni, kwa chaki. Halafu mnataka niamini ile mashine itashindwa?" Akanigeukia mimi. "Tluway, asante. Nilikuwa na shaka kidogo. Sasa sina."

Akarudi chumbani kwake akafunga mlango. Sijawahi kukasirika namna ile. Nilimkasirikia Safari kwa yowe lake, nikajikasirikia mimi kwa akili zangu, nikaikasirikia na ile chaki. Nilikuwa nimekusudia kumshawishi mzee arudi, na nilichofanya ni kumchimbia kaburi kisha nikampa koleo.

Mchana Bwana Roni akapita na buti zake za matope. Akachuchumaa mbele ya mlango akausoma, anakubali kwa kichwa, anasema vizuri, vizuri sana. Halafu akaweka kidole kwenye kona. Pale tulikuwa tumechora mfalme aliyejikunyata pembeni kabisa mwa ubao, kibarua yuko mbele yake pua kwa pua, na mfalme mwenye kibarua nyuma yake anamlinda. Yule wa kwenye kona hajashambuliwa, ila hana nafasi hata moja ya kusogea.

"Hapa nani ameshinda?"

"Mwenye kibarua," nikasema. "Mwenzake kabanwa."

Akaanza kucheka. "Hapana. Hii ni sare."

"Sare ya wapi? Hawezi kusogea!"

"Ndiyo. Hashambuliwi, na hawezi kusogea. Kwenye chesi hiyo ni sare."

Jamani. Miaka yote ile tunacheza, tunalala chini ya kombaini kwa ajili ya ile sheria, hakuna aliyetuambia. Sisi tulikuwa watu wa drafti. Kwenye drafti aliyebanwa asiyeweza kusogea ameshindwa, mtoto wa shule anajua. Bwana Roni alipotufundisha chesi hakutaja habari hiyo, kwa sababu alikuwa anatumaliza mapema kabla hatujaifikia, na sisi pale alipoacha pengo tulijaza kwa drafti yetu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema hatukumwuliza. Alicheka mpaka akashikilia mlango, na bega lake likafuta Punda mmoja ambaye mtu alimchora kwa mzaha, wala hakuwa anahusika. Safari aliketi juu ya tairi akashika kichwa. Nusu ya mlango ilikuwa imeanguka. Majibu yetu yote ya kandokando mwa ubao yalikuwa kweli kabisa, lakini ya mchezo ambao haukuchezwa popote duniani isipokuwa karakana moja Hanang.

Nilikwenda chumba cha pampu nikafungua bila kubisha. Lohay akafungua mdomo anipe jina langu jipya, nikamwahi, nikamweleza lote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mlango wote ule ni jibu la mchezo gani?"

"Wa kwetu, mzee."

"Na wao wana wao."

"Ndiyo."

"Na aliyebanwa, kwao, hajashindwa?"

"Wanasema sare."

Hapo nikaona shingo yake inavimba. Akasimama. "Mtu amebanwa! Hana pa kwenda mbele, hana pa kwenda nyuma, unamwambia wewe na aliyekubana mko sawa? Waulizeni wale wenye ng'ombe huko nje kama ni sare!" Akatoka na buti zake, akavuka uwanja wenye matope, akaingia moja kwa moja chumba cha kompyuta bila kuvua chochote. Tulisikia sauti mpaka saa ya chakula. Bwana Roni alikuwa na haki kwa mujibu wa kitabu, na hakurudi nyuma. Lohay hakuwa na kitabu, na hakurudi nyuma pia. Siku iliyofuata Lohay alikuwa kwenye ubao saa ya chai, amekaa kabla ya wote, anamsubiri Roni ili amshinde kwa sheria yetu, kwamba aliyebanwa ameshindwa. Walibishana hivyo mpaka Roni aliporudi kwao, na hawakuafikiana kamwe.

Na mimi? Aliniita jioni ileile ya ugomvi. Akasukuma pampu nzima mbele yangu, siyo sinia. "Fungua."

"Na ile mashine ikija na jibu, mzee?"

"Ikija na jibu itanikuta hapa tubishane kwanza swali ni lipi. Wewe fungua, unanipotezea mwanga."

Nikafungua, nikarudisha, ikavuja. Nikafungua tena. Mavuno yalipoanza nilikuwa fundi, siyo nusu.

Kwa haki niseme: ile kompyuta haikuwahi kutabiri kifo cha pampu yoyote, lakini ilijua beringi ziko rafu gani, jambo ambalo mtunza stoo wetu hakuwahi kulijua siku moja. Na haikututoa kazini. Tulitolewa na ukosefu wa hizo beringi zenyewe. Kombaini zilisimama mojamoja, tukawa tunakula vipuri vya hii ili ile iishi, mpaka haikubaki ya kula. Mashamba yakagawanywa kwa wengine. Safari akaenda kuchomelea mageti Mbulu mjini. Mimi nikaja Haydom. Mlango sijui uliishia kwa nani. Pengine ni ukuta wa banda la kuku, na kuku wanaishi chini ya jibu bila kujua.

Sasa turudi kwako, Neema, na wenzako. Simu yako inamshinda kila mtu. Nakubali. Ilinishinda mimi kabla sijameza andazi. Lakini kumshinda kila mtu siyo kuumaliza mchezo. Simba anamshinda kila mbuzi, na hajui lolote kuhusu mbuzi. Nilikuuliza swali moja siku ile: weupe wakianza, na pande zote mbili zisikosee hata mara moja, nani anashinda? Ukaibonyeza simu ikasema mweupe yuko juu kidogo. Juu kidogo! Hilo ni jibu la fundi asiyejua gari lina nini. Ulipotafuta zaidi, wewe mwenyewe ukanisomea: zikibaki kete chache ubaoni, kompyuta zimemaliza kila kitu, tena kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma, kama sisi na chaki. Ubao ukijaa, mikao ni mingi kuliko mahali popote pa kuiandika. Pengine haitamalizwa kamwe. Ukanisomea pia kwamba drafti ya ng'ambo wameimaliza kweli, na ni sare, na hilo likanikera siku nzima, mpaka nilipokumbuka kwamba kingi wao anatembea hatua mojamoja. Wa kwetu anaruka ubao mzima. Wamemaliza mlango wao.

Kwa hiyo sisemi haiwezekani. Niliwahi kusema hivyo mbele ya bati, mnajua kilichonipata. Nasema tu mwache kunipandisha presha.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona Lohay kwake, karibu na Dongobesh. Ni mzee sana sasa. Miguu imegoma, anakaa kwenye kiti mlangoni, na anakaripia kila anayepita kwa jinsi anavyopita. Nilimpelekea ile chesi ya kwenye simu. Nikamwambia inacheza kuliko mtu yeyote. Hakutaka mchezo mzima. Akasema, "Niwekee wafalme wawili na kibarua. Kibarua wa pembeni. Nipe mimi mwenye kibarua."

Nikampangia. Haoni vizuri, kwa hiyo alisema nami nikasogeza. Simu ikajibu haraka, ikamkimbiza mfalme wake hadi kwenye kona. Mzee akamsukuma kibarua polepole, pua kwa pua, na mfalme wake nyuma. Simu ikaandika neno.

"Imesemaje?"

"Imesema sare, mzee."

"Imebanwa?"

"Imebanwa."

"Haina pa kwenda kabisa?"

"Haina."

Nilisubiri zile kelele. Nilikuwa nimezifuata, kusema kweli; nilizihitaji. Hazikuja. Akaangalia miguu yake, halafu kiti, halafu njia inayoshuka kwenda barabarani, ambayo hajaikanyaga tangu masika ya mwaka jana.

"Tluway," akasema. "Mimi hapa sisogei. Mbele siendi, nyuma siendi. Nitazame vizuri, usinidanganye. Nimeshindwa?"

Nikajibu kwa sheria ya Bwana Roni, ambayo tuliikataa pamoja miaka yetu yote ya karakana.

"Ni sare, mzee."

Akaniambia niseme tena, kwa nguvu, maana masikio nayo yameanza. Nikasema tena.